Kufufua korti ya mtaa wa zamani Nairobi: maji kwanza, rangi mwisho

Mitaa ya zamani ya Eastlands ilijengwa na watu waliofikiria uwanja kabla ya nyumba. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilipangwa kama mji-bustani, nyumba chache zikizunguka nyasi, na ukumbi wa mtaa katikati. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, iligawanywa kwa korti, yaani makundi ya nyumba yanayozunguka uwanja mmoja, na hapa hatusemi ile ya hakimu. Dandora nayo ilianza miaka hiyohiyo kama viwanja takriban 6,000 vilivyopimwa na kuwekewa maji na majitaka, kila familia ikijijengea yake, na huko pia nyumba nyingi zinatazamana kwenye ua mmoja.

Mifupa hiyo bado ni mizuri. Kilichooza ni kile kisichokuwa cha mtu: uwanja wa katikati, mtaro, taa, manholi (mashimo ya kukagulia majitaka). Mwongozo huu ni wa kufufua hicho kwa korti moja ya nyumba 20 hadi 40, wakazi wakiwa ndani ya nyumba zao. Kubomoa na kujenga upya ni safari nyingine, na ni ndefu: wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa majengo ya kusubiria Lang'ata Septemba 2009, na nyumba mpya 822 zikafunguliwa Julai 2016. Korti moja unaweza kuimaliza kati ya mvua moja na nyingine.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: nyumba 24, uwanja wa mita 40 kwa 25, na paa la mita mraba 50 kwa kila nyumba. Badilisha tarakimu ziwe zako.

1. Jua ardhi ni ya nani

Kabla ya mkutano wowote, tafuta ramani ya mtaa. Uwanja unaweza kuwa ardhi ya kaunti, sehemu ya barabara, au mali ya pamoja ya wenye nyumba. Ukiwa na nambari ya kiwanja, fanya upekuzi kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa 2021. Kama ni magorofa ya kumiliki kwa chumba, Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020 inawapa wenye nyumba shirika lao la kusimamia maeneo ya pamoja, na kazi hii inapita humo.

Andika pia kila kinachopita juu na chini: nyaya za umeme, bomba la maji, bomba la majitaka. Chini ya nyaya usipange mti mrefu. Juu ya bomba kuu la majitaka usijenge chochote usichokuwa tayari kukibomoa.

Nendeni ofisi ya kaunti mkiwa na mchoro na barua, mkaulize ni kibali gani kinahitajika kwa kazi yenu. Mwakilishi wadi na chifu wapewe nakala. Kazi nyingi za korti husimamishwa na askari wa kanjo siku ya pili kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha.

2. Hesabu watu, usihesabu milango

Nyumba 24 hazimaanishi familia 24. Ukienda mlango kwa mlango utakuta mabanda ya nyuma, vyumba vya kupangisha na ghorofa zilizoongezwa. Hiyo hesabu ndiyo itakayokuambia ukubwa wa bomba la majitaka na idadi ya mapipa ya taka, kwa hivyo usiifanye kwa kukisia. Kwa kila nyumba andika: wanaolala humo ni wangapi, ni mwenye nyumba au mpangaji, wanapika kwa nini, maji wanayapata siku gani, na gari linalala wapi.

Mkutano mmoja hautoshi. Jumapili alasiri unawakosa mabawabu wa usiku na wenye vibanda. Jumamosi asubuhi unawakosa Waadventista. Jioni ya kazi unawakosa wanaokwama kwenye jamu ya Jogoo Road. Fanya mikutano miwili ya ajenda ileile, siku tofauti, na kura zijumlishwe. Kama mama mboga wa pembeni ya korti hakuitwa, mchoro utaweka kitanda cha maua pale anapouzia sukuma, na maua hayatamaliza mwezi.

Kura ipigwe kwa maharagwe. Bandika karatasi za manila ukutani, kila moja na tatizo moja: mafuriko, giza, taka, maegesho, watoto hawana pa kuchezea. Kila kaya ipewe maharagwe kumi iyagawe kwenye vikopo. Mtu anayeogopa kuongea mbele ya mwenye nyumba wake haogopi kudondosha maharagwe.

Hofu ya kwanza ya mpangaji ni kodi. Anajua korti ikipendeza, landilodi atapandisha, naye ahame aache taa alizochangia. Lizungumzeni hili wazi kabla ya kuomba shilingi: wenye nyumba watie saini kwamba kazi za korti hazitakuwa sababu ya kuongeza kodi kwa muda mliokubaliana, tuseme miezi 12 au 24. Saini hiyo ikikosekana, wapangaji watahudhuria mkutano wa kwanza tu.

Kamati iwe ya watu saba, angalau watatu wapangaji, na vijana wawili. Jisajilini rasmi, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ipo kwa vikundi kama hivi, na benki haitafungua akaunti bila cheti. Watia saini wawe watatu, na pesa zipite kwa nambari ya Till ya M-Pesa badala ya simu ya mweka hazina.

3. Pangeni pesa za matunzo kabla ya pesa za ujenzi

Hatua hii huachwa hadi mwisho, na ndiyo inayoua korti nyingi. Wafadhili na wanasiasa hupenda kujenga. Hakuna anayekuja kukata utepe wa kufagia mtaro.

Chukua nyumba 24 zikichanga Sh500 kwa mwezi: Sh12,000. Usipange kwa hiyo. Panga kwa nyumba 14 zitakazolipa kweli, yaani Sh7,000. Kama Sh7,000 haziwezi kumlipa mfagiaji, tokeni za taa na akiba kidogo ya ukarabati, punguza mnachojenga mpaka ziweze. Au ongezeni mapato: magari ya nje yanayolala ndani, kuosha magari, kukodisha viti na uwanja kwa sherehe. Vijana wa Dandora waliosafisha nyua zao wameonyesha kwamba ada ya maegesho ya usiku inaweza kuliweka eneo safi na kumpa mtu kazi papo hapo.

Taarifa ya pesa ibandikwe ubaoni na kwenye kundi la WhatsApp kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, hata kama ni mistari minne. Mwezi mmoja ukipita kimya, michango ya mwezi unaofuata hupungua.

4. Pima wakati wa mvua

Korti haisomeki jua likiwaka. Subirini mvua kubwa, muingie na miavuli. Piga picha mvua ikiwa na dakika kumi, kisha ikiwa na nusu saa, kisha saa moja baada ya kuacha. Chora mishale kwenye ramani: maji yanatoka wapi, yanasimama wapi, yanaingia kwa nani. Kesho yake, weka alama ya rangi ukutani pale yalipofika.

Kisha pima miinuko. Huhitaji mashine, tumia mpira wa maji unaopenyeza mwanga, wa mita 15, ujaze maji usiache povu ndani. Ncha mbili za maji husimama kimo kimoja daima. Chukua kizingiti cha nyumba ya chini kabisa kama sifuri, na upime kila mita 5. Kwenye karatasi utaona kama uwanja unaelekea barabarani au unaelekea sebuleni kwa jirani. Katika korti nyingi zilizomwagiwa zege mara mbili tatu, uwanja sasa uko juu kuliko kizingiti, na hakuna mtaro utakaoponya hilo. Lazima tabaka la juu litolewe.

Chimba pia shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 30. Lijaze maji, yaache yazame, ulijaze tena, upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Upande wa magharibi wa jiji, kwenye udongo mwekundu, yatashuka vizuri. Eastlands kwa sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule mafundi huuita blaki kotoni. Humo maji hukaa. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, sahau mashimo ya kunyonya maji na bustani za mvua unazoziona kwenye vitabu vya ng'ambo: udongo huo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuulowesha karibu na msingi ni kualika nyufa. Hata kwenye udongo mzuri, shimo la kunyonya likae mita 5 au zaidi kutoka kwa ukuta.

5. Chora kwa chokaa

Mchoro wa kompyuta huwafurahisha wachache na kuwanyamazisha wengi. Chukua mfuko wa chokaa, uchore mpango mzima chini kwa ukubwa wake halisi: njia ya gari, mtaro, mahali pa watoto, miti, mapipa. Mawe yawekwe pale patakapokuwa na viti. Uache wiki moja.

Wiki hiyo ndiyo ushauri wa kweli. Gari la kubeba taka litakanyaga kona uliyodhani haitumiki, na kamba za nguo zitahitaji jua la upande uliowapa magari. Mahali pa watoto pawe panapoonekana kutoka madirisha ya jikoni mengi iwezekanavyo. Kona iliyofichika hugeuka kijiwe cha usiku. Baada ya wiki, rekebisheni chokaa, mpige picha, wote watie saini. Kuanzia hapo, anayetaka badiliko aje mkutanoni.

6. Majitaka kabla ya chochote kingine

Umoja ilianza na nyumba ndogo za chini. Leo sehemu nyingi zimekuwa magorofa, na bomba lililochimbwa kwa familia moja linabeba majitaka ya familia nyingi. Ukitandika kabro (matofali ya zege ya kutandika chini) juu ya bomba bovu utazing'oa ndani ya mwaka.

Fungua kila manholi. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye choo cha kila nyumba na uone yanatokea wapi na baada ya muda gani. Rudia kwa mifereji ya paa na sinki za nje. Karibu kila korti utagundua nyumba kadhaa zilizounganisha maji ya mvua kwenye majitaka. Ndizo zinazofanya kinyesi kifurike Aprili. Ziunganishwe upya na mtaro wa mvua, na gharama ilipwe na korti nzima kwanza. Ukianza na lawama utapata milango iliyofungwa.

Miteremko: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 1 kila sentimita 40, la inchi 6, 1 kwa 60. Mteremko mdogo unaacha uchafu ukitulia. Nyumba zote 24 zikikutana kwenye bomba moja, inchi 4 haitoshi. Pale mtu anapokaanga chipsi au mandazi kwa biashara, weka kisanduku cha kunasa mafuta cha sentimita 60 kila upande, kinachochotwa kila wiki; mafuta ya moto huingia kama maji na kuganda mita 10 mbele kama sabuni.

Mifuniko ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tengeneza ya zege yenye nondo. Tatizo likiwa kwenye bomba kuu nje ya korti, ni kazi ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Pelekeni ripoti ya maandishi yenye picha, na mtunze nambari ya malalamiko.

7. Mtaro wa mvua

Piga hesabu. Uwanja ni mita mraba 1,000, mapaa ni 1,200, jumla 2,200. Mvua kali ya milimita 50 kwa saa, ukitoa sehemu ndogo inayonyonywa, inaleta takriban lita 28 kwa sekunde. Mtaro laini wa zege wa sentimita 30 kwa 30, ukishuka sentimita 1 kila mita, hubeba zaidi ya lita 100 kwa sekunde ukijaa. Kwa maneno mengine, mtaro mdogo unatosha mara tatu. Korti hufurika kwa sababu mtaro umejaa chupa na mchanga, au kwa sababu unapotokea, kwenye barabara, pamezibwa. Kwa hivyo usipoteze pesa kwenye upana. Zitumie kwenye mambo matatu:

Mteremko usiokatika. Vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kumwaga zege. Pale panapozama hata sentimita 2, mchanga utatua, nyasi zitaota, na mbu watakuja.

Mifuniko inayoinuka. Kipande cha sentimita 60 kwa 45, unene 7.5, kina uzito wa kilo 50 hivi; watu wawili wanakiinua. Kikubwa kuliko hapo hakitainuliwa kamwe, na mtaro usiofunguka haufagiwi. Acha matundu mawili ya kuingizia ndoano. Kwenye njia ya gari tumia unene wa sentimita 12 na nondo za milimita 12.

Kisima cha kunasa mchanga kabla ya maji kutoka nje: sentimita 60 kwa 60, sakafu yake ikiwa 30 chini ya mtaro, na wavu wa nondo wima mdomoni, nafasi ya sentimita 3 kati ya nondo. Wavu wa kulala huzibwa na mfuko mmoja wa gunia.

Kwa udongo mweusi, chimba sentimita 30 zaidi chini ya mtaro, ujaze maramu (changarawe nyekundu) na kushindilia kwa tabaka za sentimita 15, kisha ndipo zege ya 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto). Mtaro uliokaa moja kwa moja kwenye blaki kotoni utapasuka kiangazi cha kwanza.

8. Uso wa uwanja

Usifunike kila kitu. Njia ya gari ya mita 3 kwa 40 inatosha. Kwingine pabaki nyasi, mchanga wa kuchezea na miti. Uwanja wote ukiwa kabro, joto la Januari na Februari litawafukuza hata wazee wenye kofia.

Njia hiyo ni mita mraba 120. Kabro za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa mita mraba, yaani 6,000, ongeza 300 za kuvunjika na akiba. Chukua unene wa milimita 80 kwa magari. Za 60 ni za miguu, ingawa muuzaji atakuapia kuwa zinabeba lori. Chini yake: toa udongo mweusi, hadikoo (mawe ya kujazia msingi) ya sentimita 20, maramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa (mita ujazo 18, agiza 23 kwa sababu hujibana), kisha kwari dasti (vumbi la mawe ya machimbo) ya sentimita 4. Ukingo wa zege pande zote uwekwe kwanza na ukauke. Bila ukingo, kabro hutawanyika kama meno ya mtoto.

Mteremko wa upande ni sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni. Pale penye ngazi, weka njia ya magurudumu: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu, hivyo kimo cha sentimita 15 kinataka mita 1.8.

Angalau nusu ya vibarua watoke ndani ya korti, kwa malipo ya kawaida ya mjengo. Kazi ya bure ya Jumamosi inafaa kufagia na kupanda miti, haifai kushindilia maramu. Aliyeshindilia kwa kujitolea huchoka saa nne.

9. Maji ya paa

Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita mraba 50 likipata mvua ya milimita 25, na ukipoteza sehemu ya tano, ni lita 1,000. Kwa mvua ya mwaka ya milimita 900 unapata lita 36,000. Kwenye mtaa wenye mgao wa maji, hiyo si haba.

Kwanza tazama paa ni la nini. Baadhi ya nyumba za zamani zina asbestosi. Usitoboe, usikate, usipige brashi. Vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na maji ya paa hilo yasiwe ya kunywa wala kupikia.

Tenki la lita 5,000 kwa nyumba mbili au tatu ni rahisi kuliko vitenki kumi. Lina uzito wa tani 5 likijaa, kwa hivyo msingi ni muhimu kuliko tenki lenyewe: toa udongo mweusi kadiri uwezavyo, angalau sentimita 60, rudisha maramu kwa tabaka, jenga kuta za mawe kimo cha sentimita 50, jaza hadikoo, halafu zege ya mita 2.2 kwa 2.2, unene sentimita 15, na wavu wa chuma wa BRC ndani. Zege hiyo inataka mifuko 5 ya simenti. Kimo cha 50 si cha urembo. Mtungi wa lita 20 lazima uingie chini ya mfereji wa tenki.

Maji ya kwanza ya mvua huosha kinyesi cha ndege na moshi wa jiji. Yamwage: nusu lita kwa kila mita mraba, yaani lita 25. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 kwa mita, kwa hivyo mita 3 za bomba lililosimama kando ya lile linaloingia tenki, lenye kifuniko cha kufungua chini na kitundu kidogo cha kujimwaga polepole, zinatosha. Bomba la maji yanayozidi lielekezwe mtaroni. Likiachwa likimwaga kando ya msingi, tenki litainama kabla ya mwaka kuisha. Maji ya kunywa yachemshwe.

10. Taa

Taa sita za LED za wati 30 zikiwaka saa 12 hutumia uniti 65 hivi kwa mwezi. Mita ya tokeni iwe kwa jina la kikundi. Ikiwa kwa jina la jirani, ugomvi wa kwanza unazima korti. Zifungwe ukutani kwa kimo cha mita 4, moja ikitazama mlango wa korti na moja mapipa. Taa za sola zenye betri yake ndani ni nzuri pale pasipo umeme, ila zinataka jua la wazi mchana kutwa na betri hubadilishwa baada ya miaka michache; gharama hiyo iwe kwenye bajeti ya hatua ya 3, au msizinunue.

11. Miti

Panda mvua zikishika, Aprili au Novemba. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe mbili za samadi iliyooza, na uzio wa kuuzuia mpira na mbuzi. Kiangazi mti mchanga unataka lita 10 mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili ya kwanza, kwa hivyo kila mti uwe na jina la kaya iliyopewa. Kumi yenye wenyewe ni bora kuliko 40 ya picha.

Mkaratusi na mikuyu ikae mbali. Mizizi yake hutafuta mabomba ya majitaka na kuyapata. Kwenye blaki kotoni, mti mkubwa ukinyonya maji karibu na ukuta huusinyaza udongo na nyumba ikapasuka, basi acha umbali unaolingana na kimo utakachofika. Karibu na nyumba panda midogo: mpera, mlokwati, ndimu. Kivuli kinahitajika zaidi magharibi, jua la alasiri linakopiga kuta.

12. Taka

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, zinazooza na zisizooza. Kwa korti, mapipa mawili kwa kila kaya yanatosha kuanza. Zinazooza ziende kwenye masanduku matatu ya mbao ya mita 1 kila upande: moja linajazwa, moja linaiva, moja linatumika. Fungu moja la maganda ya jikoni kwa mafungu mawili ya majani makavu au maranda ya mbao, geuza kila siku kumi, na baada ya miezi mitatu ni mbolea ya miti. Likinuka, limelowa, ongeza makavu. Panya wakija, kuna aliyetupa ugali au mifupa.

Mkusanyaji taka msaini naye mkataba wa siku na saa. Mapipa yakae karibu na mlango wa korti lakini si mdomoni mwa mtaro.

13. Rangi, halafu kalenda

Sasa pakeni rangi. Nyeupe au ya mwanga kwenye mabati hupunguza joto ndani, na kuta za chini zipakwe rangi ya mafuta hadi mita 1.2 kwa sababu ya mipira na mikono. Chagueni rangi mbili tu kwa korti nzima, zinazopatikana kwa duka lolote la hadiwea, ili anayerekebisha peke yake asiharibu mpango.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho, zuieni asilimia 10 hadi mvua moja kubwa ipite. Mmwage pia matenki mawili ya maji juu ya uwanja na mtazame yanakwenda wapi. Yakisimama popote kwa zaidi ya dakika 20, arudi.

Kalenda ibandikwe karibu na mita ya umeme. Kila Jumamosi: wavu wa kisima cha mchanga na kisanduku cha mafuta. Kila mwezi: mifuniko miwili ya mtaro ifunguliwe kwa zamu, na kila manholi itazamwe. Wiki ya mwisho ya Februari na ya Septemba, kabla ya mvua ndefu na za vuli: mifereji ya paa, matenki yaoshwe, mtaro wote hadi barabarani, na matawi yaliyofika nyaya yaripotiwe kwa Kenya Power, yasikatwe na mtu wa korti. Kabro 300 za akiba zihifadhiwe nyuma ya tenki la kwanza, zikihesabiwa, maana ndizo za kwanza kupotea.